Namwagilia Kompyuta

Jamani, mimi sijui nimemkosea nani. Nina kompyuta ya mezani, nina sabufa, nina kelele. Viwili vya kwanza nilinunua kwa hela yangu. Hiyo ya tatu nilipewa nyongeza.

Kompyuta ni ya mtumba. Mama watoto nilimwambia ni ya watoto kusomea, akanitazama yale macho yake, akanyamaza. Siku naiwasha, sabufa ikatoa shhhhhhh, na chini yake mmmmmm. Ni kama mtu anakaanga dagaa huku mwenzake kaziba mdomo anaimba. Mama watoto akakimbilia jikoni kuangalia ameacha nini motoni.

Kelele yenyewe ina kiburi. Nikishusha sauti kwenye kompyuta, wimbo unashuka, kelele inabaki palepale imekunja nne. Nikisogeza mausi, spika zinalia wiii, wiii, kama mbu wa masika. Ikabidi niwe naisogeza taratibu, kama mtu anayempita mbwa aliyelala.

Ukaja mwezi wa Juni, siku ya bajeti. Sasa nyie mnajua, Bunge liko hapahapa Dodoma. Kutoka kwangu Nkuhungu naweza kupanda bodaboda nikaenda kulisalimia jengo nikarudi chai haijapoa. Waziri anasoma, mtu wa Kigoma anasikia, mtu wa London anasikia. Mimi jirani wa Bunge nasikia: "Mheshimiwa Spika, napendekeza kupunguza kodi ya shhhhh kutoka asilimia shhhhh." Mpaka leo sijui nimepunguziwa nini. Zilizopanda nilizisikia vizuri tu dukani, bila sabufa.

Nikamwita fundi wa kompyuta, kijana wa juzi. "Shikamoo mzee." Mzee! Nina miaka 42. Akabonyezabonyeza, akasema draiva zimechakaa, hapa ni kupiga Windows. Akapiga. Nikamlipa 15,000. Picha za kipaimara za binti yangu zikaondoka na Windows ya zamani, kelele ikabaki kuikaribisha mpya.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mji huu kila mtu ni fundi. Muuza zabibu akasema ni vumbi. Tukafungua boksi, kweli, lilikuwa na vumbi la kutosha kupanda uwele. Tukalisafisha. Kelele ikatoka safi zaidi. Shemeji akasema ni simu, usiilaze juu ya spika. Huyu alisema kweli kidogo, maana ile tititi-tititi-tititi inayokuja kabla simu haijaita ilikoma. Lakini nimepata hasara. Zamani spika zilikuwa zinanionya kwamba mtu anapiga, nikawa na sekunde mbili tatu za kujiandaa kuwa sipo. Sasa wadai wananishtukiza.

Mtoto wa dada yangu anayesoma chuo akachomoa waya wa sabufa tundu la mbele, akauchomeka nyuma, lile tundu la kijani. Akasema, "Mjomba, la mbele waya wake unazunguka humo ndani karibu na pawasapulai, unazoa makelele yote ya njiani." Akazima na njia ya maikrofoni iliyokuwa wazi bila sababu. Mbu wakaondoka! Dagaa wakapungua. Kafanya bure, kala ubwabwa tu, na yule wa 15,000 bado ananiita mzee.

Ikabaki mmmmmm.

Siku moja nimechoka, nikaegemea boksi kwa mkono. Nikatekenywa na umeme, tena kwa adabu, na ule mvumo ukanywea. Nikatoa mkono: mmmmmm. Nikarudisha: kimya. Nikaita familia nzima ije ishuhudie. Nikapanga na zamu: mkubwa ashike wakati wa taarifa ya habari, mdogo wakati wa mpira. Mama watoto akasema, "Baba watoto, wanangu mimi siyo waya." Zamu zikafa siku hiyohiyo.

Sasa huyu fundi wa umeme niliyemwita baadaye ni mtu mzima, haongei ovyo. Hakuigusa kompyuta kabisa. Alishika ekstensheni yangu, akaifungua, akacheka peke yake. Matundu matatu kwa nje, waya mbili kwa ndani! Nilinunua pambo. Akanieleza kwamba kwenye huu umeme wetu wa volti 230, pawasapulai ya kompyuta huvujisha kidogo kwenye bati la boksi, na hicho kidogo kinatakiwa kishukie ardhini kwa waya wa ethi. Kikikosa njia kinakaa kwenye bati kukutekenya, au kinajipenyeza kwenye waya wa sabufa na kuanza kuimba. Kwa hiyo muda wote huo ethi ya nyumba hii nilikuwa mimi.

Tukaweka ekstensheni yenye waya tatu. Mvumo ukashuka sana, ila haukuisha. Mzee akatoka nje, akachungulia ile ethi rodi, chuma cha ethi kilichochimbiwa ardhini nyuma ya nyumba, akapiga udongo teke. Vumbi. "Huu udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Umwagie maji."

Maji! Dodoma! Mwezi wa nane! Mimi hapa naoga ndoo nusu, kompyuta inataka ndoo nzima. Tukaafikiana na mama watoto kwamba itapewa ya kufulia. Na yule mzee akachimba pembeni ya rodi, akafukia mkaa na chumvi ili unyevu ukae. Jumamosi ya kwanza nilipomwaga, ndani kukawa kimya mpaka nikasikia saa ya ukutani. Sikujua kama inalia.

Jirani akapita. "Mbukwenyi jirani! Umepanda nini hapo?"

"Sijapanda. Namwagilia kompyuta."

Akasema haya, akaongeza mwendo.

Nimekula raha wiki tatu. Juzi nimejilaza nasikiliza kwaya, mara mmmmmm! Nikatoka mbio mpaka nyuma ya nyumba. Mbuzi wa jirani kafuata chumvi, kafukua mkaa wote, anaramba, na waya wa ethi kaukanyaga mpaka umechomoka kwenye rodi. Nikaenda kwa mwenyewe nikiwa nahema: "Jirani, mbuzi wako ameniharibia sauti!"

Akaniangalia. Akamwangalia mbuzi. Kisha akamgeukia mama watoto aliyekuwa nyuma yangu, akamuuliza kwa upole nimeanza lini.