Aliyechora Hakupiga Hodi

Wiki iliyopita nilishinda kwenye benchi la ofisi moja ya ardhi na shangazi yangu. Kijana aliyetuhudumia akakunjua ramani ya mipango miji, akaweka ncha ya kalamu penye nyumba ya shangazi, akasema, "Mama, hapa ni eneo la wazi." Eneo la wazi! Pana nyumba ya vyumba vinne, mwembe, banda la kuku na kaburi la mumewe. Shangazi akavaa miwani, akaitazama weee, kisha akauliza kwa upole: "Sasa mwanangu, huyu aliyechora alipita lini? Mbona hakupiga hodi?"

Tangu siku hiyo nina ugomvi na wachora ramani wote, wazima kwa wafu, na hasira zangu zimemwangukia Mreno aliyefia Paris mwaka 1856: Manuel Francisco de Barros e Sousa, Visconde (cheo cha kikabaila) wa Santarém.

Huyu ndiye anayesifiwa kulibuni neno kartografia, yaani elimu ya ramani, kwenye barua aliyomwandikia mwanahistoria Mbrazili, Varnhagen, Desemba 1839. Wako watafiti waliokuja kuonyesha kwamba neno lilishatumika kabla yake. Mtu aliyetumia miaka kubishania nani alitangulia kufika Afrika Magharibi, na yeye mwenyewe katanguliwa!

Alizaliwa Lisbon mwaka 1791, akawa mtunzaji mkuu wa nyaraka za ufalme, kisha waziri wa mambo ya nje wa mfalme Dom Miguel. Miguel aliposhindwa vita mwaka 1834, bwana wetu akabaki uhamishoni Paris na makaratasi yake. Hapo ndipo kazi iliyompa jina ilipoanzia, na haikuanza kwa kupenda elimu tu. Wafaransa walikuwa wamejenga kituo Sédhiou, kwenye mto Casamance, kusini mwa Senegal ya leo, na Wareno waliokuwa na kituo chao Ziguinchor wakaja juu. Upande wa Ufaransa ukatoa hoja kwamba mabaharia wa Dieppe, bandari ya Ufaransa, walifika Guinea, yaani pwani ya Afrika Magharibi, tangu karne ya 14. Lisbon ikahitaji wakili, na wakili akapatikana Paris kwenyewe. Mwaka 1841 akatoa kitabu chake cha kutetea kwamba Wareno ndio waliotangulia, pamoja na atlasi ya nakala za ramani kongwe, kwa gharama ya serikali ya Ureno.

Sasa sikiliza hoja yake, maana ndiyo inayonichefua. Alikusanya ramani zilizochorwa kabla baharia Mreno Gil Eanes hajaipita rasi ya Bojador, pwani ya Sahara Magharibi, mwaka 1434, akasema: tazameni, huko kusini hakuna kitu cha maana kilichochorwa, basi hakuna aliyefika kabla yetu. Weupe wa karatasi ukawa hati ya kumiliki. Mchoraji amekaa zake Ulaya, hajui, kaacha wazi. Miaka mia nne baadaye kutojua kwake kunaletwa mezani kama ushahidi. Ushahidi wa nini? Kwamba mwenye bandari, mwenye mtumbwi na mwenye shamba la mpunga pale Casamance walikuwa hawajafika kwao? Wawili wanagombea mlango wa nyumba, na wenye nyumba wako ndani wanapika.

Na kuna ramani moja maarufu ya Wakatalani, ya mwaka 1375, inayotunzwa hukohuko Paris. Mle Mansa Musa amekaa kwenye kiti chake, taji kichwani, kashika donge la dhahabu kama anayemkaribisha mgeni. Mfalme mzima wa Mali yuko kwenye karatasi ya Wazungu wenyewe, halafu watu wazima wanaulizana nani alikuwa wa kwanza kufika Afrika Magharibi!

Sisi wa pwani tusicheke sana, yetu yako hivyohivyo. Mwanahistoria wa Wareno, João de Barros, anasimulia kwamba Malindi, mwaka 1498, rubani aliyepewa Vasco da Gama alitoa ramani ya pwani yote ya India, yenye mistari yake ya kukingamana. Jina la rubani ameliandika Malemo Caná. Hilo Malemo ni maalimu tu, jamani. Da Gama anaitwa mvumbuzi. Maalimu anaitwa msaidizi.

Haya, nikubali, shingo upande: nakala za Santarém ni nzuri, na aliwazoesha watu kuisoma ramani kongwe kama waraka wa historia. Amani yake. Ila huko kutangulia kwenyewe hakukuifaa Ureno. Mwaka 1886 ikaikabidhi Ufaransa Ziguinchor kwa mkataba. Januari 1890 Uingereza ikaitaka iondoe askari wake kwenye nchi za kati ya Angola na Msumbiji, ambazo Ureno ilikwisha kuzipaka rangi ya waridi kwenye ramani yake kuwa zake, na Lisbon ikanywea. Mwenye meli nyingi zaidi hakuulizwa alifika mwaka gani.

Alhamisi tunarudi ofisini. Shangazi ameshafunga risiti zake zote kwenye kitambaa, na amenituma nikaipige picha kaburi, ionekane tarehe.