Adhana ya simu na kivuli cha mzee

Vijana wakimwona mzee amesimika fimbo uani mwa msikiti, Mtwara au Lindi, apime nyakati za swala kwa kivuli chake, humcheka: simu si ina nyakati zote? Hoja yao ina uzito. Masika mawingu yakitanda kivuli hakuna, na msafiri wa Newala au Kilwa hupata nyakati za pale alipo.

Lakini mzee hapingi hesabu. Anauliza simu imehesabu ya wapi. Ukizima huduma ya eneo, programu hubaki na mji uliochaguliwa, mara nyingi Dar es Salaam. Juni, jua la Mtwara huzama kama dakika 10 kabla ya la Dar. Hapo mfungaji anachelewa kufuturu, basi. Desemba mambo hugeuka: Mtwara jua huzama dakika mbili au tatu baada ya Dar. Aliyefunga sunna ya Jumatatu akafungua kwa adhana ya Dar amekula jua halijazama, na kwa Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Shafi, saumu hiyo imebatilika. Kalenda ikiwa na dakika mbili za tahadhari, ndizo hizo zilizokwisha kuliwa. Kosa la dakika 10 hugunduliwa na kila mtu. Hili dogo hupita mwaka hadi mwaka.

Alfajiri nayo: programu inayohesabu jua likiwa nyuzi (digrii) 15 chini ya upeo na yenye 19.5 hupishana karibu dakika 20. Alasiri ikiachwa kwenye hesabu ya madhehebu ya Hanafi, huchelewa zaidi ya dakika 40.

Kwenye kibla fimbo ndiyo bora kabisa. Makka iko karibu kaskazini halisi ya Mtwara na Lindi, tofauti haifiki uzi mmoja. Dira ya simu hupotoshwa na kava lenye sumaku, nondo za sakafuni, hata pikipiki iliyoegeshwa karibu. Tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana, au 16 Julai saa 6:27 (mwaka mrefu, siku moja kabla), jua huwa juu ya Kaaba. Simika fimbo ya mita moja, inyooshe kwa timazi: kivuli cha Mei hufika kama sentimita 62. Toka ncha ya kivuli kwenda kwenye fimbo ndiyo kibla. Piga chaki.

Kamati inayonunua saa ya adhana ya ukutani, Mtwara isipokuwa kwenye orodha ya miji, imzuie fundi kuchagua Dar. Aingize latitudo 10.27 kusini, longitudo 40.18 mashariki, alasiri ya Shafi, kisha adhuhuri ilinganishwe na fimbo ya mzee.