Mpangaji kaondoka, vitu vimebaki: rehani, amana au taka?

Mwaka juzi niliitwa kuwa shahidi kwenye nyumba moja ya Temeke, zile za vyumba sita zenye korido katikati na choo uani. Chumba cha pili kushoto kilikuwa kimefungwa kwa kufuli miezi minne tangu kodi iishe. Mpangaji, fundi cherehani, aliaga kwamba anakwenda msibani Tanga, kisha simu yake ikawa haipatikani. Mjumbe alipofika kufuli ikakatwa, tukaingia. Kitanda cha tano kwa sita, godoro, jiko la gesi na mtungi wake, ndoo tatu, cherehani ya kukanyaga, na juu ya kabati bahasha ya kaki yenye cheti cha kidato cha nne na kadi ya kliniki ya mtoto.

"Kodi yangu ndiyo hii," akasema mama mwenye nyumba.

"Mali ya mtu hiyo, mama," akajibu mjumbe.

Kijana wa guta aliyekuwa amesimama mlangoni akauliza kama tunatupa.

Rundo moja, majina matatu. Kwa mama ilikuwa rehani, kwa mjumbe amana, kwa kijana wa guta taka. Nimeshuhudia ugomvi wa aina hii mara kadhaa, na kila mara watu hudhani wanabishania vitu, kumbe wanabishania jina.

Nianze na mama, kwa sababu wanaotetea wapangaji humpita mbio, na mimi nilikuwa mmoja wao. Yule mama si tajiri wa magorofa. Ni mjane, nyumba ni ya urithi, anakaa chumba kimoja na vitano anapangisha. Kodi ni shilingi 60,000 kwa mwezi, kwa hiyo miezi minne imemla 240,000. Unaweza kusema alilipwa miezi sita mbele, kama ilivyo desturi ya Dar es Salaam, na kwamba hiyo ni kinga tosha. Ni kinga, ila inakoma siku kodi inapokwisha. Baada ya hapo chumba kinakuwa stoo ya bure ya mtu asiyejulikana aliko. Na anayemwambia "tunza mpaka arudi" amwonyeshe basi pa kutunzia: koridoni watu wanapita, uani mvua inanyesha.

Kwa upande wa pili, tazama kilichoachwa. Mtu anayehama usiku kukwepa deni hubeba vya thamani kwanza. Kirikuu husimama nje saa nane za usiku, asubuhi mnakuta ndoo iliyopasuka na kipande cha kapeti. Huyo ametupa, na hata mjumbe hatakuwa na la kubishana. Lakini mtu aliyeacha cherehani inayomlisha, na cheti chake, na kadi ya mtoto, hakuhama. Amepatwa na jambo: amelazwa, amewekwa ndani, au msiba umezaa kesi ya mirathi. Kwangu huu ndio ushahidi wa kwanza wa kuangaliwa kabla ya kuhesabu miezi, na ajabu ni kwamba karibu hakuna anayeuangalia.

Sasa hoja ya rehani. Inasikika vizuri: unanidai, chukua mali yangu. Ila rehani ni makubaliano, na fundi yule hakuwahi kuweka cherehani rehani kwa mtu. Kenya wanayo sheria, Sura ya 293, inayoruhusu mali ya mpangaji anayedaiwa kodi kukamatwa, lakini kupitia dalali wa mnada mwenye leseni, si kwa mikono ya mwenye nyumba. Na nguo za lazima na matandiko havikamatwi. Chimbuko la sheria ya namna hiyo ni Uingereza, ambako England na Wales waliifuta mwaka 2014, na kwa nyumba za kuishi hawakuweka mbadala wake. Huku kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mengi kati ya mwenye nyumba na mpangaji hutegemea walichoandikiana. Na walichoandikiana mara nyingi ni karatasi mbili za steshenari zinazotaja kodi, notisi na bili ya maji. Kuhusu vitu vitakavyobaki ndani, kimya.

Halafu kuna swali la vitu ni vya nani. Mtungi wa gesi huenda ni wa dada yake. Cherehani huenda ilinunuliwa kwa mkopo wa kikundi cha vikoba ambao haujaisha. Ukiuza, umelipa deni la mtu mmoja kwa mali ya mwingine. Na utauza kwa bei gani? Mnunuzi wa vitu vya mitumba akiona una haraka ya kutoa chumba, hiyo haraka anaikata kwenye bei.

Wazee wa pwani walikuwa na njia yao. Kwa wanaofuata fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, kitu kilichookotwa hutangazwa mwaka mzima kabla ya aliyekiokota kukitumia, na mwenyewe akijitokeza baadaye hulipwa. Chumba cha kupanga si njia ya kuokotea vitu, najua, na mwaka ni mrefu kwa mjane mwenye vyumba vitano. Lakini utaratibu ule unagawa jambo vizuri: kutumia ni kimoja, kumiliki ni kingine.

Hapo ndipo ninaposimama. Chumba na vitu ni mambo mawili. Chumba mama alistahili kukirudisha mapema, pengine mapema kuliko miezi minne. Vitu havikuwa vyake hata siku moja. Akitaka deni lake, anapaswa kulidai kama deni. Mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya upo, ingawa tangu mwaka 2021 ni lazima kwanza mpite baraza la kata kwa usuluhishi, na kwa 240,000 sijui ni nani atakayeacha genge lake kufuatilia tarehe. Kwa hiyo la maana ni mkataba: uandike siku 30, au 60, kisha nani apigiwe simu mpangaji asipopatikana. Ndugu mmoja tu, namba moja tu. Wapo wenye nyumba wanaoandika siku saba, na mpangaji mwenye shida ya chumba atasaini hata siku mbili; kifungu cha hivyo ni mtego, na mimi nisingekubali kuwa shahidi wake.

Mjumbe aliandika orodha kwenye daftari la shule, tukasaini watano, vitu vikapigwa picha. Cherehani, jiko na bahasha vikaingia chumbani kwa mama. Kitanda na godoro vilibaki, na mpangaji mpya akapanga navyo kwa kuongeza 5,000 kwa mwezi, jambo ambalo sikulipenda na nilisema.

Mwezi wa tisa akaja kaka wa yule fundi. Dada yake, yaani fundi mwenyewe, alikuwa amelazwa hospitali ya Bombo, Tanga, muda mrefu. Akaulizia pia redio. Mjumbe akafungua daftari, redio haikuwamo, na picha hazikuwa nayo, maneno yakaishia hapo. Alilipa nusu ya deni, akachukua cherehani, jiko na bahasha. Godoro bado wanabishana.