Reli mbili, shaba moja: Tanzania inavuna nini kwenye ushindani wa wakubwa?

Mwishoni mwa Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilisaini mkataba na kampuni ya CCECC ya China wa kuifufua reli ya TAZARA, inayounganisha Dar es Salaam na Zambia, na kuiendesha kwa miaka 30. Kiasi kilichotangazwa ni dola za Marekani bilioni 1.4. Upande wa pili wa bara, Marekani na Umoja wa Ulaya wanaisukuma reli ya Lobito nchini Angola, ambayo inaifuata shaba ileile ya Kongo na Zambia, ila inaipeleka bahari ya Atlantiki. Hapa Dar es Salaam mjadala umegawanyika. Wapo wanaosema tumepata bahati ambayo hatukuitegemea. Wapo wanaosema tumeuzwa tena. Kila upande una hoja nzito, na mtoto anayezaliwa leo Gongo la Mboto atakuwa mtu mzima mwenye familia yake mkataba huu utakapokwisha, kwa hiyo si jambo la kulimaliza kwa ushabiki.

Wanaounga mkono wanaanzia kwenye historia, na historia iko upande wao. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia ikabanwa kwa sababu shaba yake ilikuwa ikipita kusini. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walikwenda Benki ya Dunia na nchi za Magharibi kutafuta fedha za reli ya kwenda Dar es Salaam, wakaambiwa haitalipa. China ikakubali. Makubaliano yakasainiwa 1967, ujenzi ukaanza 1970, na mwaka 1976 reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa, ikiwa imejengwa kwa mkopo usio na riba. Wataalamu wa Kichina waliofariki kwenye kazi ile wamezikwa hapa hapa, Gongo la Mboto. Sioni namna ya haki ya kuuita urafiki ule unyonyaji.

Lakini wanaoisimulia historia hiyo huwa wanairuka sehemu moja. Mwaka 1965, Ujerumani Magharibi ilipotumia misaada kutushinikiza kwa sababu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki Zanzibar, Mwalimu aliwaambia waondoe misaada yao yote. Desemba mwaka huo huo Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Nchi iliyokwenda Beijing mwaka 1967 ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kukataa fedha, hata ikiwa na njaa nazo. China ilijua inaongea na nani.

Turudi kwenye hali ya reli yenyewe, maana hapo ndipo hoja ya kuunga mkono ina nguvu zaidi. TAZARA ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Kufikia 2014/15 ilikuwa imeporomoka hadi chini ya tani 100,000. Mishahara ya wafanyakazi ikichelewa, vichwa vya treni vikilala karakana, na kila uamuzi mkubwa ukisubiri serikali mbili zikubaliane. Wakati huo shaba haikusimama. Ilihamia kwenye malori, ikajenga foleni za Tunduma na kuijaza Barabara ya Mandela, na mlipa kodi ndiye anayekarabati lami inayobonyea. Anayesema tungeikarabati wenyewe anapaswa kueleza kwa nini hatukufanya hivyo miaka yote hiyo, na fedha zingetoka wapi wakati huu ambapo tunabeba mikopo ya reli ya kisasa inayokwenda Mwanza na Kigoma.

Upande huu unaongeza jambo ambalo naliona ni kweli: ushindani umetusaidia. Hati ya awali ya TAZARA ilisainiwa Beijing Septemba 2024, mbele ya Rais Samia, Rais Hichilema na Rais Xi, baada ya Marekani kuweka uzito wake kwenye Lobito. Miezi mitatu baadaye Rais Biden alikwenda Angola mwenyewe. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Sasa upande wa pili. Hofu ya deni inasemwa sana, na baada ya Zambia kushindwa kulipa wakopeshaji Novemba 2020 inaeleweka. Hata hivyo mpango huu umetangazwa kama uwekezaji wa kampuni, haukutangazwa kama mkopo wa serikali, kwa hiyo kwangu hiyo si hoja kubwa.

Hoja kubwa ni ya shehena. Reli inayotoka mgodini kwenda bandarini tunaijua tangu Wajerumani walipofika Kigoma na reli yao mwaka 1914. Lobito na TAZARA zote mbili zinapigiwa hesabu kwa tani za shaba, na thamani kubwa ya shaba inaongezeka kule inakogeuzwa kuwa nyaya, mota na betri. Dar es Salaam inabaki na tozo za gati na moshi wa malori. Atakayejibu kwamba madini hayo si yetu, ni ya Kongo na Zambia, atakuwa sahihi. Lakini TAZARA haikujengwa juu ya jangwa. Inapita bonde la Kilombero kwenye mpunga na miwa, inapita Mlimba ambako treni ni tegemeo la watu, inapita Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi, inafika Makambako, mlango wa Njombe, kisha Mbeya. Novemba 2022 Tanzania na China zilikubaliana kwamba parachichi letu liingie soko la China. Parachichi la Njombe na Rungwe likipakiwa kwenye mabehewa yenye ubaridi Makambako na Mbeya, likashushwa bandarini kabla halijaiva, mkulima ataona faida ya reli hii bila kuhutubiwa na mtu. Mabehewa yote yakiwekwa kwa ajili ya shaba, atabaki kuitazama treni ikipita.

Kampuni inayotafuta kurudisha fedha zake itapenda mzigo mzito, wa mbali, wa mteja mmoja. Hiyo ni hesabu ya biashara tu, haina ubaya wa moyo ndani yake. Ndiyo maana mpunga, parachichi na abiria wa Mlimba lazima walindwe kwa maandishi, kwa idadi ya mabehewa na siku za safari, maana nia njema haidumu miaka 30.

Kuna jambo jingine linaloharibu hesabu za pande zote mbili, nalo ni picha ya vita baridi mpya, Mchina huku na Mmarekani kule. Reli ya Benguela inayofika bandari ya Lobito ilikarabatiwa na Wachina wenyewe baada ya vita vya Angola, kazi iliyokamilika miaka kumi na kitu iliyopita. Kati ya kampuni zilizopewa kuiendesha kwa miaka 30 imo Mota-Engil ya Ureno, na karibu theluthi moja ya hisa za kampuni hiyo ni za CCCC, kampuni ya serikali ya China. Mgodi wa Kamoa-Kakula kule Kongo, ambao Zijin ya China ni mbia mkubwa, ulikuwa miongoni mwa wa kwanza kujaribu kupitisha shaba Lobito. Na China ndiyo inayotumia zaidi ya nusu ya shaba ya dunia, jambo linaloipa Dar es Salaam nafasi nzuri kwa mzigo unaokwenda Asia. Mwenye mzigo anaangalia bei ya tani moja na siku za kusafiri. Bendera haimshughulishi.

Kwa hiyo swali la tuwe na nani halinisumbui sana. Linalonisumbua ni la wakati. Ushindani wa wakubwa unatupa nguvu kabla ya wino kukauka. Baada ya hapo tunabaki na mbia mmoja, mwanasheria wake, na miaka 30. Kila tunachotaka tukiombe mapema, tena hadharani, kwa sababu mjumbe wa serikali anayeweza kusema "wananchi wangu hawatalikubali hili" anakaa mezani akiwa na uzito kuliko mjumbe aliyefungiwa chumbani na siri zake.

Mfano tunao, na ni wa bandari yetu. Mkataba wa kiserikali kati ya Tanzania na Dubai ulisainiwa Oktoba 2022, lakini wengi waliufahamu Juni 2023 ulipofika bungeni, nao haukuwa na ukomo wa wazi. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa: mawakili walikwenda Mahakama Kuu Mbeya wakashindwa, maaskofu Katoliki wakatoa tamko, na baadhi ya waliopinga wakakamatwa, akiwamo mwanasiasa mkongwe Dk. Willibrod Slaa. Ukamataji ule ulikuwa kosa. Oktoba 2023 DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, iliposaini mikataba ya uendeshaji, ilipewa gati namba 4 hadi 7, kwa miaka 30, na utendaji wake kupimwa kila baada ya miaka mitano. Waliounga mkono wanasema bandari ilihitaji mwekezaji, na mimi nakubali. Waliopinga wanasema bila wao ukomo ule usingeandikwa, na hilo nalo naliamini. Watu walioitwa wapinga maendeleo waliifanyia serikali kazi ya majadiliano bila malipo.

Kwa TAZARA mkataba mkuu umeshasainiwa, ingawa bado kuna ya kubanwa: tozo kwa kampuni nyingine zitakazotaka kupitisha treni zao, na namna mzigo utakavyohama kati ya reli zetu, kwa sababu nchi hii ina reli za mapana matatu, milimita 1,000 ya zamani, 1,067 ya TAZARA na 1,435 ya kisasa. Hapo tukae na Zambia kabla ya kukaa na CCECC. Zambia ina njia mbili za kuchagua sasa, na tukiibana kwa tozo za bandari itaangalia magharibi.

Mkataba mwingine mkubwa unaosubiriwa ni wa gesi asilia ya Lindi, ambao mazungumzo yake na kampuni za Equinor na Shell yamevuta miaka. Sheria ya 2017 ya kupitia masharti hasi kwenye mikataba ya rasilimali inaitaka serikali iliarifu Bunge ndani ya siku sita za vikao, baada ya mkataba kufungwa. Yaani wabunge wanaupata wino ukiwa umekauka, na reli na bandari zinaweza zisiguswe kabisa na sheria hiyo. Kifungu hicho kirekebishwe: rasimu ifike bungeni na kwa wananchi kabla ya kusainiwa, kwa rasilimali na kwa miundombinu mikubwa pia, na kianze kutumika kabla ya mkataba wa gesi.