"Usiangalie hali, mwangalie Mungu": je, waombaji wa Biblia walifanya hivyo?

Kuna sentensi inayorudiwa kwenye mikesha ya maombi hadi imepata uzito wa andiko: usiangalie hali, mwangalie Mungu. Aliyepokea majibu mabaya ya vipimo huambiwa hivyo, aliyeachishwa kazi huambiwa hivyo, na wanaomwambia mara nyingi ni watu wanaompenda kweli. Andiko linaloitwa kuitetea ni 2 Wakorintho 5:7: "Maana twaenda kwa imani, si kwa kuona." Nusu ya pili ya sentensi hiyo, mwangalie Mungu, haina mjadala kwa anayeamini. Ile ya kwanza ndiyo inayohitaji kupimwa, kwa sababu nikisoma habari za waombaji wa Biblia siwaoni wakiitii.

Mchukue Hezekia, mfalme wa Yuda. Mwaka 701 kabla ya Kristo, Senakeribu mfalme wa Ashuru aliivamia Yuda. Kumbukumbu zake mwenyewe zinajigamba kwamba alitwaa miji 46 na kumfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni. Lakishi, mji wenye ngome kubwa, ulianguka. Ikaja barua ya vitisho, na Hezekia akaipeleka hekaluni akaikunjua mbele za Bwana (2 Wafalme 19:14). Mshauri wa vita aliyepiga hesabu za askari peke yake angemwambia afungue malango, na hesabu zake zisingekuwa na kosa. Hata hivyo mji haukuanguka. Kumbukumbu zilezile za Senakeribu, ambazo hazikuona haya kujisifu, hazidai popote kwamba aliuteka. Kwa hiyo wanaosema hali inayoonekana haina neno la mwisho wana hoja nzito, wala si ya kihisia tu.

Lakini angalia alivyoomba. Aliisoma barua kwanza. Kisha akakiri mbele za Mungu kwamba ni kweli, wafalme wa Ashuru wameyaharibu mataifa. Hakukanusha habari mbaya wala "kukiri ushindi" juu ya kitu ambacho hakijatokea. Na mfalme huyohuyo ndiye anayetajwa kuwa alichimba mfereji wa kuingiza maji mjini (2 Wafalme 20:20). Handaki linalohusishwa naye lipo hadi leo Yerusalemu, limepita ndani ya mwamba kwa zaidi ya mita 500. Huyu hakuwa mtu aliyeacha kuangalia hali.

Hapo wale wa "Mungu amekupa akili, itumie" watashangilia. Wasiharakishe. Isaya 22 inawasema watu wa Yerusalemu waliohesabu nyumba, wakabomoa nyingine ili kuimarisha ukuta, wakatengeneza birika la maji kati ya kuta mbili, lakini hawakumwangalia aliyeyafanya hayo tangu zamani. Maandalizi ya maji ambayo kitabu cha Wafalme kinayataja miongoni mwa mambo makuu ya Hezekia, nabii anayageuza kuwa mashtaka. Analaumu kwamba maandalizi yalipokamilika, watu hawakuona tena sababu ya kumtazama Mungu. Nadhani kundi hili limezoea kusamehewa kirahisi kwa sababu linaonekana la busara. Kwao sala imebaki ya kufungulia na kufungia kikao, huku maamuzi yote yakifanyika katikati bila hofu wala unyenyekevu wowote.

Hata hivyo, madhara ya makosa haya mawili hayalingani. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI anaombewa, anajisikia mzima, anaacha dawa za kufubaza virusi kwa imani. Anadhani ameacha kuongozwa na macho. Kumbe ndiyo kwanza anayafuata: kilichomshawishi ni mwili usiouma na uzito uliorudi, yaani hali, tena hali iliyoletwa na dawa zenyewe. Akiziacha, virusi huanza kuongezeka tena, kwa kawaida ndani ya wiki chache, naye huku bado anajisikia vizuri. Kipimo cha maabara kinaona kile ambacho hisia haikioni. Mchungaji anayemwambia asiende kupima hamfundishi kuenda kwa imani. Anamfundisha kuiamini hisia.

Paulo mwenyewe, mwandishi wa maneno ya 2 Wakorintho 5:7, hakuyaishi hivyo. Katika sura ile anazungumzia mwili huu unaochakaa na makao ya milele, hasemi tupuuze taarifa tulizo nazo. Msome kwenye Matendo 27, ndani ya merikebu yenye watu 276 katikati ya dhoruba. Malaika amekwisha kumwahidi kwamba hakuna atakayekufa, naye amewatangazia wote. Kisha anawaona mabaharia wakishusha mashua kwa hila ili watoroke, na anamwambia akida kwamba hao wasipobaki chomboni, wengine hawawezi kuokoka. Ahadi alikuwa nayo mkononi, na bado macho yake yalikuwa kwenye ile mashua. Sijui sehemu nyingine ya Maandiko inayoonyesha wazi hivi kwamba mambo hayo mawili hukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Mfano unaopendwa sana katika mahubiri ni George Müller wa Bristol, Uingereza, aliyefungua makao ya yatima mwaka 1836 na kufariki mwaka 1898 akiwa ametunza watoto wapatao 10,000. Hakuwaomba watu fedha, alimwomba Mungu. Wapo waliosema taarifa alizochapisha kila mwaka zilikuwa ombi la kichinichini, na hoja hiyo ina ukweli kiasi. Kinachonivutia mimi ni kile wahubiri wanachokiruka: aliweka hesabu kwa makini na alikataa kukopa. Imani yake haikumwachia mtu mwingine deni. Linganisha na anayechukua mkopo "kwa imani", kisha wadhamini ndio wanaonyang'anywa vyombo vyao. Kwangu swali hili lina uzito kuliko kubishana nani ana imani kubwa: imani ikikwama, ni nani atakayelipa? Mtu mzima akiamua kuhatarisha mali yake, ana haki hiyo. Mtoto mwenye homa kali hana sauti katika uamuzi wa kumnyima matibabu.

Wapo pia wanaotaka kuipima sala kwa takwimu. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusu wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo. Kuombewa na watu wasiowajua hakukupunguza matatizo baada ya upasuaji. Na walioambiwa kwa uhakika kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi, asilimia 59, kuliko asilimia 52 ya wenzao walioombewa bila kuwa na uhakika. Muumini atajibu kwamba Mungu hawekwi maabara, na ni jibu la haki. Ila akilitoa, alishike hadi mwisho: asije Jumapili akasimamisha mstari wa shuhuda za magari na viza kama uthibitisho. Gari nalo linaonekana kwa macho.

Vijana watatu wa Danieli 3 walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakaongeza: "Bali kama si hivyo". Paulo aliomba mara tatu mateso aliyoyaita mwiba katika mwili yaondolewe, hayakuondolewa, naye akaendelea na safari. Ushuhuda wa namna hiyo ni nadra kupewa kipaza sauti. Yule aliyeomba, akafunga, akameza dawa zake, akamzika mwanawe na bado Jumapili anaketi kwenye benchi lake, kwa kawaida anaachwa aketi kimya, kana kwamba habari yake itawavunja moyo wengine. Ningependa aitwe mbele siku moja, kabla ya wenye magari.