"Hapa Chini Hakuna Kitu, Mama"

Jirani yangu hapa Kiamunyi, Nakuru, amewanunulia watoto bwawa la kuogelea, lile la kusimamishwa juu ya ardhi kwa vyuma na turubai nene. Jumamosi akaleta vijana wawili wamsawazishie uwanja nyuma ya nyumba. Nikawauliza kupitia ua kama wanajua bomba linapita wapi. "Hapa chini hakuna kitu, mama," akanijibu mmoja, wala hakuinua kichwa. Chai ya saa nne haijaiva, sururu imeshapasua bomba, ua wote ni tope na tangi linashuka. Hatua moja tu kutoka hapo wakafukua waya wa stima unaokwenda kwenye chumba cha nyuma. Umelala mtupu mchangani, hauna utepe wa onyo, hauna tofali juu, hauna hata kipande cha paipu ya plastiki. Kijana akausukuma kando kwa ncha ya jembe. Kwa jembe, jamani, na stima inawaka!

Nimekasirika, ila si kwa hao vijana. Sawa, kidogo ni kwa hao vijana. Lakini kibarua wa siku moja atajuaje kilichozikwa na fundi mwingine miaka kumi iliyopita, ikiwa mwenye ploti mwenyewe hajui? Mtu ananunua nyumba ya mamilioni, anapewa hati, funguo na rimoti ya geti. Mchoro wa mabomba hapewi, na haulizi. Mipaka ya ploti tunaipigania mahakamani kwa futi mbili, ilhali ndani ya mipaka hiyo hatujui septiki, lile tangi la maji taka, inaishia wapi. Fundi wa maji alipita kwa njia ya mkato ili aokoe mita tatu za paipu, akafukia, akalipwa, akaenda zake Njoro. Wa stima naye akaja akachimba mtaro wake pale alipokuta udongo laini, na udongo ulikuwa laini kwa sababu yule wa kwanza alikuwa ameshauchimba. Ndiyo maana vitu hivi viwili hukutwa vimelala pamoja.

Wengine mtaniambia Marekani kuna namba 811: unapiga kabla ya kuchimba, wanakuja bure, wanapaka rangi kwenye nyasi, nyekundu ya stima, buluu ya maji safi, kijani ya maji taka. Vizuri sana. Lakini hata huko hao watu huonyesha laini za makampuni tu. Waya uliovuta mwenyewe kwenda chumba cha nyuma, bomba la kwenda kwenye tangi, septiki, hayo ni yako na hawayagusi. Kwa hiyo nyuma ya nyumba, Mmarekani na mtu wa Kiamunyi wako sawa: ni wewe na mali uliyoizika.

Na watu wanachukulia bwawa la turubai kama kitu chepesi kwa sababu linakuja kwenye boksi. Hebu tupige hesabu. Bwawa la duara la upana wa mita nne na nusu, maji yakifika mita moja kwenda juu, ni karibu lita 16,000. Boza la lita 10,000 litamwaga lote na litalazimika kurudi. Hizo ni tani 16, tani moja kwa kila mita ya mraba, na zinakaa hapo mchana na usiku. Mfuniko wa septiki ulimwagwa zege ya kubeba udongo na watoto wanaokimbia, haukupigiwa hesabu hiyo. Shimo la kunyonya maji taka nalo, ukilikandamiza hivyo, litayarudisha yaliyomo mahali ambapo hutapenda. Na udongo wetu wa Nakuru mnaujua, majivu ya volkano, mwepesi. Bomba likivuja chini ya bwawa, maji yatabeba vumbi hilo polepole hadi pabaki pango, na wewe juu huoni lolote ila bwawa limeanza kuinama upande mmoja.

Ubaya ni kwamba kazi yenyewe inakulazimisha kuchimba. Uwanja ukiwa na mteremko, unakata palipo juu. Hujazi palipo chini, kwa maana udongo wa kujaza utadidimia tu maji yakishaingia. Sasa ukikata sentimita 20 kwenye ua ambao bomba lilizikwa kwa kina cha kiganja, unategemea nini?

Basi fanyeni hivi, nawaomba kwa upole nisio nao leo. Fungueni mifuniko yote ya maji taka, mtazame paipu zinaelekea upande gani, mvute kamba kutoka mfuniko hadi mfuniko. Fuateni bomba kutoka mita ya maji hadi tangi. Zimeni stima ya chumba cha nyuma kwenye swichi kuu kabla jembe halijagusa ardhi. Panapotiliwa shaka, chimbeni mashimo ya kupima kwa koleo na mkono, mtaimbo ukae stoo. Mkikuta kitu, hamisheni bwawa. Msiseme "tutaweka mchanga juu." Na kabla hamjafukia, pigeni picha kwa simu, futi kamba ikiwa imelazwa kutoka ukutani ili umbali usomeke.

Yule wa kusema tunajaza mabwawa wakati mtaa una mgao wa maji, ana haki yake, na siku nyingine nitamsaidia kusema. Uzio wa kuwazuia watoto wadogo hauhitaji mjadala. Pampu iwe na ile swichi inayokata stima ikivuja, na maji yenye klorini msiyamwage kwenye septiki, yataua vijidudu vinavyowafanyia kazi humo.

Jirani amehamisha bwawa lake hadi upande wa mparachichi, ambako mashimo ya kupima hayakuonyesha kitu. Mkewe analalamika majani yatakuwa yanaanguka majini kila siku. Yataanguka kweli. Auziwe wavu.