Mimi, mbuzi na kebokaa ya mjomba

Aisee naandika hii mkono bado una alama za pembe. Desemba kama kawaida nimepanda Kibosho kwa bibi, suruali nyeupe, raba mpya, maana Krismasi lazima watu wajue umetoka Dar, nafika nakuta mjomba ametengeneza kebokaa, yaani kile kigari kinachoning'inia na kuvutwa kwenye waya hewani. Sitanii. Tangu 2019 serikali ilivyoanza kuongelea kebokaa ya Mlima Kilimanjaro na wapagazi wakaja juu wakiuliza watakula wapi, mjomba alikuwa anatamba kilabuni "wao wanajadili, mimi naanza".

Shamba lake la pili liko ng'ambo ya korongo, kuzunguka darajani ni nusu saa na mkungu kichwani. Sasa akafunga waya wa winchi mti kwa mti, pipa lililokatwa nusu, mota ya umeme aliyoichomoa kwenye mashine ya kusaga, swichi iko bandani kwa ng'ombe. Ndizi zinavuka safi kabisa. Ila mkungu hauna kilo 92.

Tarehe 24 jioni mbuzi wa ndafu yuko ng'ambo. Mjomba akaniambia "mjomba, nenda kamchukue, mrudi wote na pipa". Kwenda nilizunguka kwa miguu, ningejua ningerudi hivyo hivyo. Tumepanda, mimi nimechuchumaa, mbuzi kasimama kama ndo mwenye gari. Tumefika katikati, pale ambapo waya unalala kuliko kote maana uzito wote uko hapo, mawe ya mtoni nayaona vizuri kabisa, umeme ukakatika.

Kebokaa za wenzetu, kama zile za La Paz kule Bolivia ambazo watu wanapanda kila siku kwenda kazini, zina injini ya dizeli ya akiba, umeme ukigoma abiria wanavutwa mpaka stesheni. Ya mjomba ina mjomba. Nikapiga kelele tunafanyaje, akajibu "tulia, huwa unarudi".

Giza likaanza kuingia. Ukoo mzima umejipanga ukingoni na tochi za simu, mtoto wa dada yangu yuko kidato cha pili akaona huu ndo muda wa kunisomea intaneti. "Anko! Ujerumani kuna treni inaning'inia juu ya mto tangu 1901! Mwaka 1950 walipandisha mtoto wa tembo kutangaza sarakasi, akapaniki, akatoboa ukuta akaangukia mtoni!" Nikamwambia zima hiyo simu. Mbuzi naye akawa kama kamwelewa, akaanza kurusha miguu, pipa linayumba, nikamkumbatia shingoni tukawa tunapumuliana usoni.

Bibi akauliza, "Tembo alipona?"
"Alipona bibi, michubuko tu."
"Basi na mbuzi wetu atapona."

Mimi hakuna aliyeniulizia.

Saa tatu kasoro umeme ukarudi ghafla. Mjomba alishaenda kula na swichi aliiacha imewashwa, kwa hiyo pipa likaja, likapita pa kushukia, likaenda kugonga mti puu! Mbuzi akanikanyaga kifua akaruka, akapotelea kwenye mibuni gizani, mkimbio sijawahi kuuona.

Krismasi tulikula kuku. Mbuzi mpaka leo hajaonekana na mjomba kila wiki ananipigia ananidai, juzi kaongezea eti waya nao umelegea.